Meta Isiyometa

Jumamosi moja kirikuu ilipita mbele ya baraza yangu imebeba sufuria za pilau, viti vya plastiki na maturubai mawili, inaelekea Muheza harusini. Sufuria si zangu. Ni za jirani yangu hapa hapa Ngamiani, Tanga, barabara chache kutoka kwangu, mtu ambaye sufuria zake, sitaki kusengenya, mbili zina kiraka na ya tatu imebaki na sikio moja. Mwenye harusi namjua. Nimecheza chandimu na kaka yake. Nikampigia simu kumpa pongezi, na katikati ya pongezi nikachomeka swali: mbona vyombo hukuchukua kwangu?

"Kaka, niliwatafuta Google," akasema. "Hampo."

Hatupo! Mie nina tovuti, bwana. Nimelipa laki tatu na nusu taslimu, nikaongeza na za jina la tovuti ambazo kila mwaka lazima zilipwe kama ada ya msiba. Nina vikaratasi vimeandikwa anwani ya tovuti, nimevigawa mpaka vimeanza kufungiwa karanga. Na mtu wa Muheza ananiambia hatupo, kwa sauti ile ile ya mtu anayekwambia amepita kwako akakuta mlango una kufuli.

Ngoja nieleze kisa tangu mwanzo, maana kina aibu lakini si yangu peke yangu.

Mwaka jana mama watoto alisema biashara yetu ya kupika na kukodisha vyombo vya shughuli haiwezi kuendelea kutegemea watu wanaotufahamu, kwa sababu watu wanaotufahamu wanataka kulipa nusu. Tukaletewa fundi wa tovuti. Kijana msafi, ana kompyuta mpakato imebandikwa stika mpaka huoni rangi yake. Alikaa kwetu siku nne. Chai vikombe vitatu kila asubuhi, na vitumbua sikuhesabu. Siku ya nne akageuza skrini tukaona: sufuria yetu kubwa ile ya kilo ishirini za mchele, imepigwa picha inafuka moshi, chini yake namba ya simu. Mama watoto akapiga kigelegele. Mie nikaona laki tatu na nusu kwa picha ya sufuria ambayo naiona bure kila siku uani ni nyingi, nikasema hivyo.

"Mzee, kazi kubwa huioni," kijana akanijibu. "Kazi kubwa iko kwenye meta tagi."

Sasa mie Kiswahili sikujifunza ukubwani. Kumeta ni kung'aa. Nyota humeta, pete humeta, upara wangu humeta nikitoka kuoga. Nikasogeza miwani nione kitu kinachometameta. Hakuna. Ndipo nikaelezwa kwamba meta tagi ni maneno yanayoandikwa ndani ya ukurasa, mahali ambapo mteja hayaoni na mwenye duka hayaoni. Anayeyasoma ni mashine. Yaani nimelipia kibao cha duka, kikachorwa vizuri, halafu kikatundikwa ndani ya kabati.

"Nimekuwekea maneno 123," fundi akasema, akanipa na orodha imechapwa kwenye karatasi, kama mtu anayekukabidhi hati ya kiwanja.

Ile karatasi ninayo mpaka leo. Inaanza vizuri: pilau, pilau Tanga, pilau tamu, pilau ya harusi. Halafu ikaja pirau, na bilau, kwa ajili ya wasiojua kuandika. Sawa. Kisha biriani, mchele, mbuzi, ng'ombe, kuku, kuku wa kienyeji, kuku wa kisasa. Nikafika katikati nikakuta Simba. Nikadhani labda ni chapa ya unga. Baada ya Simba, Yanga. Baada ya Yanga, ratiba ya ligi, nyimbo mpya, ajira mpya, mikopo ya haraka, dawa ya nguvu za kiume.

Nikamuuliza, "Mwanangu, na dawa ya nguvu za kiume tunaipika na nini?"

Akacheka. Akasema watu wengi wanatafuta vitu hivyo, kwa hiyo wakivitafuta watatukuta sisi. Mtu anatafuta mkopo wa haraka usiku wa manane, anafungua, anakuta sufuria inafuka moshi. Sijui alitegemea afanye nini, alie? Na kilichoniuma zaidi, katika maneno 123 Coastal Union haimo. Timu ya mjini kwetu! Amekaa Tanga siku nne anakula vitumbua vya Tanga, anaandika Simba na Yanga.

Basi tukakaa tunasubiri wateja kutoka mtandaoni. Miezi kumi na moja. Simu tulizopokea kupitia ile tovuti ni mbili, na zote zilitoka kwa fundi, anajaribu kama namba inafanya kazi.

Baada ya aibu ya Muheza nikampigia mtoto wa kaka yangu, anayesoma mambo ya kompyuta huko Dodoma na alikuwa likizo Pongwe. Akaja jioni. Hakutaka hata chai kwanza, jambo lililonipa imani naye.

"Shikamoo baba mdogo. Hebu nione kodi ya hiyo tovuti."

Mama watoto alikuwa jikoni, akatoka na mwiko mkononi. "Kodi! Hatujauza hata sahani moja, wameshataka kodi?"

Ikabidi kijana aeleze kuwa kodi anayosema yeye ni yale maandishi ya kompyuta yaliyo nyuma ya ukurasa, msimbo kwa wanaopenda Kiswahili cha vitabuni. Sisi kazi yetu ni kukodisha, kila mwaka tunalipa kodi, na sasa imekuja kodi ya tatu. Lugha hii nayo ina roho mbaya.

Akabofya upande wa kulia wa kipanya, akachagua kuona chanzo cha ukurasa, na skrini ikajaa maandishi madogo madogo kama hirizi iliyofunuliwa. Sehemu ya juu kabisa, akasema, inaitwa kichwa. Humo ndani kuna kichwa kingine, ndicho jina la ukurasa. Na baada ya vichwa viwili ndipo zinapoanza tagi zenyewe. Mie nilishapotea kwenye kichwa cha pili, lakini nilitikisa changu kama ninayefuatilia.

Kwanza akaona yale maneno 123. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akatueleza kwamba zamani, miaka ya tisini, enzi za injini za utafutaji kama Infoseek na AltaVista, hiyo tagi ya maneno muhimu ilikuwa na maana. Mwenye ukurasa anaandika mwenyewe anachouza, injini inamwamini, inampanga. Ilikuwa dunia ya waungwana. Haikudumu, kwa sababu ni sawa na kumwachia muuza maziwa aandike mwenyewe ameongeza maji kiasi gani. Kila mtu akaandika kila kitu. Wengine wakaandika maneno meupe juu ya ukurasa mweupe ili mashine isome na binadamu asione. Google, iliyoanza mwaka 1998, ikaja na akili ya mjini: haikuuliza mtu anajisemaje, ikatazama nani mwingine anamtaja, ikahesabu viungo vinavyoelekea kwake. Na Septemba 2009 wakatangaza waziwazi kwamba katika kupanga matokeo tagi ya maneno muhimu hawaitumii kabisa.

"Mwaka gani?" nikauliza.

"2009, baba mdogo."

Mwaka 2009 mtoto wangu wa mwisho alikuwa bado ananyonya. Sasa anapiga chenga uwanjani na ana ndevu tatu. Muda wote huo habari ilikuwa hadharani, na mie nimelipia maneno 123 ambayo Google ilishasema haiyasomi, pamoja na dawa.

"Lakini hilo haliwaumizi," kijana akasema. "Halisaidii tu. Kilichowaua ni hiki hapa." Akaweka kidole kwenye mstari mmoja mfupi ambao hata ukiusoma kwa miwani unaupita. Neno lenyewe ni noindex. Akalitafsiri kwa utaratibu, kama daktari anayetoa majibu: maana yake ni kumwambia Google, tafadhali usiuweke ukurasa huu kwenye orodha yako.

Kumbe fundi akiwa anajenga tovuti huweka tiki kwenye kisanduku cha kuomba injini za utafutaji zisiiorodheshe kwanza, ili watu wasikute nyumba haijapigwa lipu. Jambo la busara. Akimaliza, anaondoa tiki. Wetu alimaliza vitumbua, akasahau tiki.

Hapo ndipo roho yangu ilipochafuka, na mpaka leo haijatulia. Nimeandika maneno 123 ya kujisifu, Google imesema huyu mwongo, haikusikiliza hata moja. Neno moja la kujifukuza, ambalo sikulisema mimi, imelitii neno kwa neno kwa miezi kumi na moja. Hata mkwe hatii hivyo. Ukimwambia mkwe asije, angalau atauliza kwa nini.

Tukaondoa tiki. Kijana akatuandikisha kwenye huduma ya Google ya wenye tovuti, inaitwa Search Console, bure kabisa, akaomba waje kukagua. Akasema tusubiri buibui apite.

"Buibui gani tena?" mama watoto akauliza, na akalitazama lake lililotundikwa msumarini.

Ni programu inayotembea kutoka ukurasa hadi ukurasa inasoma. Inaitwa buibui kwa sababu inafuata nyuzi. Mama watoto akasema yeye mgeni wa kuja kukagua nyumba yake anataka siku na saa, si kuambiwa tu atapita. Akafagia uwanja siku tatu mfululizo. Sikumzuia.

Siku ya tano tukatokea! Nilitafuta jina la biashara yetu, na hao, tumo. Jina la ukurasa, kwa maandishi makubwa ya bluu: Nyumbani.

Nyumbani tu. Hakuna pilau, hakuna Tanga. Fundi aliuacha ukurasa wa mbele na jina hilo, na kijana akanifahamisha kwamba jina la ukurasa, ambalo kwa kanuni hata si meta tagi ila ni jirani yake wa ukuta mmoja, ndilo lenye uzito kuliko hizo nyingine zote. Ndilo watu wanalobofya. "Nyumbani kwa nani sasa?" mama watoto akauliza. "Mtu ana harusi ana watu mia mbili, umwambie nyumbani?" Tukalibadilisha: Pilau na biriani za harusi Tanga, vyombo vya kukodi. Kijana akanionya kuwa hata hapo Google ina hiari ya kuandika jina jingine ikiona lako halifai. Nikamwambia hilo silishangai, nimeshaizoea.

Lakini jina lilikuwa dogo. Balaa lilikuwa maelezo yaliyo chini yake. Kuna tagi ya maelezo, nayo haikupandishi daraja, kazi yake ni kumshawishi mtu aliyekwisha kukuona abofye. Sisi yetu ilikuwa tupu, na ikiwa tupu Google inachota chochote inachokiona kinafaa kwenye ukurasa wenyewe. Kwenye ukurasa wetu, chini kabisa, mama watoto alikuwa ameagiza yaandikwe masharti. Basi dunia nzima ikawa inatusoma hivi: "Sufuria zirudishwe zimeoshwa. Vifuniko vihesabiwe mbele ya mwenye mali. Kifuniko kikipotea utalipa kifuniko, si udhuru."

Hayo ndiyo mashairi ya biashara yetu. Mtu anatafuta furaha ya bintiye, anakaribishwa na ugomvi wa vifuniko.

Kijana akasema tuandike maelezo mapya, mafupi, herufi mia na hamsini hivi. Nikauliza sheria hiyo imeandikwa wapi. Akasema hakuna sheria, ni skrini inakata. Desemba 2017 Google waliruhusu yawe marefu, yakafika kama herufi 320, watu wakakesha wakirefusha. Mei 2018 wakarudisha kama zamani, watu wakakesha wakipunguza. Nikawahurumia. Nilidhani ni mimi tu ninayepelekeshwa.

Mama watoto akajitolea kuandika, kwa sababu yeye ndiye mwenye mwandiko. Akaingia chumbani na daftari, akatoka na hiki: "Kwa heshima na taadhima, familia yetu ya Ngamiani, Tanga, inapenda kuwataarifu ndugu, jamaa na marafiki wote popote walipo kuwa, kwa uwezo wake Mola, ..."

Kijana akahesabu. Herufi zimeisha kwenye Mola. Pilau bado.

"Basi toa ndugu," nikasema.

"Nitoe ndugu? Halafu ndugu zako wakisoma?"

"Toa Ngamiani."

"Watatufikaje?"

Tukakaa mpaka isha inaadhiniwa tunapunguza kadi ya harusi. Taadhima ilitoka saa mbili kasoro. Heshima ilifuata kwa shingo upande. Hapo kijana akauliza swali moja ambalo lilikuwa na thamani kuliko ile laki tatu na nusu: mtu mwenye shughuli, akishika simu, anaandika nini? Tukatazamana. Hakuna mtu duniani anayeandika "huduma bora za upishi wa kisasa kwa hafla mbalimbali," ingawa ndivyo ilivyoandikwa kila ukurasa wa tovuti yetu. Mtu anaandika: pilau watu 200 bei gani. Anaandika: kukodi viti Tanga. Mama watoto mwenyewe, nilipochungulia simu yake, alikuwa ameandika: fundi majiko karibu na mimi. Tukaandika hivyo hivyo, kwa maneno ya watu. "Tunapika pilau na biriani za harusi Tanga. Tunakodisha sufuria, viti na maturubai. Kuanzia watu 50. Piga simu upate bei."

Nikaona tumemaliza. Nikatuma kiungo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo nijitape. Kwenye kundi ikatokea picha ya mzungu amevaa kofia ndefu ya mpishi, ameshika brokoli.

Ndugu zangu hawana huruma. Shangazi akauliza huyo bwana ni mkwe wa nani. Mwingine akauliza kama pilau siku hizi tunalitia majani. Kumbe kuna tagi nyingine tena za kuamua picha na maneno yanayotokea kiungo kikitumwa. Zilianzishwa na Facebook mwaka 2010, na WhatsApp nayo inazisoma. Fundi alichukua kiolezo cha mgahawa wa ughaibuni, akabadilisha picha zote zinazoonekana, akaiacha isiyoonekana. Kwa hiyo mie, mtu wa Ngamiani, kwa mwaka mzima nimekuwa nikiwakilishwa na brokoli. Na kabla hujauliza: hapana, meta hii haihusiani na kampuni ya Facebook kujiita Meta mwaka 2021. Mama watoto aliuliza, kijana akamjibu, na mie nilishukuru hakuniuliza mimi.

Tukabadilisha picha. Mzungu akang'ang'ania siku kadhaa kila nilipokituma kiungo upya, maana simu ilikuwa imeshamhifadhi, halafu akaondoka bila kuaga.

Nikaenda kwa jirani wa sufuria zenye viraka. Nilitaka kujua yeye tagi zake zina nini. Nilikwenda kwa heshima, nikasalimia, nikasifia viraka. Akaniambia hana tovuti. Hajawahi kuwa na tovuti. Mwanawe alimsajili kwenye ramani ya Google, bure, akaweka namba ya simu na picha tatu alizopiga akiwa amesimama juu ya kiti. Mtu akitafuta vyombo vya shughuli Tanga, ramani inatangulia juu, na yeye ndani. Nikamuuliza meta tagi je? Akasema, "Meta nini?" Akanikaribisha kahawa. Sikuinywa yote.

Nikarudi nikamwamuru kijana atuweke kwenye ramani siku hiyo hiyo. Ametuweka. Tunasubiri tuhakikiwe. Na maelezo mapya ya herufi mia na kitu, yale tuliyotolea taadhima, Google inayaonyesha ikijisikia. Ukitafuta pilau, yanakuja. Ukitafuta vifuniko, inayaruka inakwenda kuchota masharti ya mama watoto, kwa sababu huko ndiko neno vifuniko liliko. Nimemwomba ayafute masharti. Amesema afadhali afute tovuti.

Jana adhuhuri simu ikaita, namba ngeni. Mwanamke, sauti ya Korogwe. Nikajua huyu ni wa mtandaoni, nikakaa vizuri, nikakohoa.

"Samahani kaka, nimewaona Google. Nyie ndio watu wa vifuniko vya sufuria?"

Nikafungua mdomo nimweleze kwa kirefu: noindex, buibui, kiolezo cha brokoli, maneno 123. Mama watoto akanipokonya simu.

"Ndiyo sisi, mwanangu," akasema. "Unataka vya saizi gani?"